Helmeti ya bodaboda: kichwa ni changu, gharama ni ya nani?

"Kichwa ni changu, nikianguka naumia mimi. Serikali inaingiaje hapo?" Hoja hii utaikuta kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, Mbagala au Kisumu, na haifai kupuuzwa. Sheria ya mwendo kasi humlinda mtembea kwa miguu. Sheria ya breki na taa humlinda anayekuja mbele yako. Helmeti humlinda aliyeivaa, basi. Ndiyo maana sheria hii ni kipimo kizuri cha mpaka kati ya dola na mwili wa mtu: hapa mamlaka haziwezi kujificha nyuma ya kisingizio cha kumkinga jirani.

Marekani wamebishana juu ya jambo hili kuliko nchi nyingi. Mwaka 1966 serikali kuu iliyabana majimbo: bila sheria ya helmeti, sehemu ya fedha za barabara zinapungua. Kufikia 1975 karibu majimbo yote yalikuwa nayo. Mwaka uliofuata Bunge likaiondoa adhabu hiyo, na majimbo mengi yakaanza kulegeza. Leo Illinois, Iowa na New Hampshire hazina sheria hiyo kwa umri wowote. Mahakamani nako hukumu zilipingana. Michigan, mwaka 1968, mahakama ya rufani iliibatilisha sheria ya jimbo kwa kuwa kumlinda mtu mzima dhidi ya uamuzi wake mwenyewe si kazi ya dola. Massachusetts, mwaka 1972, majaji wa shirikisho katika kesi ya Simon v. Sargent walikataa hoja hiyo. Walisema kwamba tangu dakika ya ajali ni jamii inayomwokota majeruhi barabarani, inayompeleka hospitali ya umma kwa madaktari wa umma, na akipata ulemavu wa kudumu huenda ikambeba yeye na familia yake.

Hoja ya Massachusetts ina uzito zaidi kwetu kuliko ilikotamkwa. Kule mzigo hugawanywa na bima na hazina ya serikali. Huku unaanzia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: michango ya kipimo cha CT, kisha ya kitanda cha ICU, kisha kiwanja kinauzwa. Jeraha la ubongo haliponi kama mguu uliovunjika. Mtu anaweza kurudi nyumbani anatembea vizuri lakini hakumbuki alichoambiwa asubuhi, anakasirika bila sababu, hawezi tena kushika kazi. Mke au dada anaacha biashara yake ili amuangalie. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo pikipiki nyingi huwa nayo, haimtibu dereva mwenyewe aliyeanguka. Kwa hiyo "naumia mimi" ni kweli kwa sekunde moja ile ya kuanguka. Baada ya hapo wanaolipa ni wengine, na hakuna aliyewaomba ridhaa.

Florida ilijaribu njia ya katikati mwaka 2000: mwenye zaidi ya miaka 21 anaweza kuendesha kichwa wazi akiwa na bima ya matibabu ya dola 10,000. Michigan ikafuata mwaka 2012 kwa kima cha dola 20,000. Wazo lina mantiki: anayetaka uhuru ajilipie. Shida ni kwamba kiasi hicho huweza kuisha siku chache tu baada ya mgonjwa wa kichwa kufikishwa hospitali, na miaka inayofuata haina bima.

Je, kifaa chenyewe kinafanya kazi? Hili lazima lijibiwe kwanza, kwa sababu sheria inayokunyima hiari bila kukupa kinga haina utetezi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaligundua kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kuhusu hofu kwamba helmeti huvunja shingo, mapitio hayohayo hayakupata ushahidi wa kutosha kuhukumu upande wowote.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka kwa hesabu ndogo. Kichwa kikidondoka kutoka mita 1.8 hufika chini kikiwa na kasi ya kama mita 6 kwa sekunde, yaani kilomita 21 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama. Kwenye lami, ngozi na nyama vinanepa labda milimita 3 kabla kichwa hakijasimama. Ndani ya helmeti nzuri kuna povu gumu jeupe, la aina ile inayozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Likibonyea milimita 20, safari ya kusimama imerefuka na kishindo kimepungua karibu mara saba. Ganda la nje kazi yake ni kusambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha. Kinachookoa ubongo ni lile povu. Nalo hubonyea mara moja tu, halirudi. Helmeti iliyokwisha kupiga lami inaweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani ikiwa imemaliza kazi yake.

Sasa nenda kijiweni uangalie zilizoning'inizwa kwenye usukani. Utakuta kofia za mafundi ujenzi. Utakuta za baiskeli. Utakuta ganda jembamba la plastiki lililotandikwa sponji laini ya godoro, bila povu gumu hata kidogo. Bonyeza ndani kwa kidole gumba: sponji inazama yote mpaka ganda na kurudi, wakati povu lenyewe hukataa. Kiwango cha Umoja wa Mataifa namba 22 hudondosha helmeti juu ya chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, na kishindo kinachofika kwenye kichwa cha bandia hakiruhusiwi kuzidi mara 275 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ganda la sponji haliwezi kuukaribia mtihani huo. Lakini askari barabarani hana cha kupimia. Akiona kitu cha duara kichwani anapunga mkono, pita.

Hapo ndipo msimamo wetu unapogawanyika. Tunaikubali sheria ya helmeti kwa moyo mmoja. Hatuikubali sheria ya "kitu chochote kichwani". Ya kwanza inachukua sehemu ndogo ya uhuru na kurudisha uhai. Ya pili inachukua uhuru huohuo, na fedha ya kununulia kofia, halafu hairudishi kitu zaidi ya amani ya kupita kizuizi. Mwenye bodaboda anayelalamika kwamba anaonewa, akiwa amelazimishwa kununua ganda la plastiki, kwa kweli anaonewa.

Vietnam ilipita njia hii. Kuanzia tarehe 15 Desemba 2007 helmeti ikawa lazima kwenye barabara zote, faini ikapanda mpaka dong 150,000, na uvaaji ukatoka kama asilimia 40 hadi zaidi ya 90 ndani ya muda mfupi. Halafu zikajitokeza kasoro. Soko lilijaa kofia zisizofikia kiwango. Watu walivaa bila kufunga mkanda. Watoto walibebwa kichwa wazi, kwa kuwa mtoto chini ya miaka 14 hakuweza kutozwa faini na uvumi ulienea kwamba helmeti ingewaumiza shingo. Ilibidi mwaka 2010 itoke amri ya kumtoza mtu mzima anayempakia mtoto wa miaka 6 na kuendelea bila helmeti. Serikali ile iligundua kwamba kulazimisha ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuhakikisha unacholazimisha kinafaa.

Upande wa uhuru una hoja nyingine mbili zinazotuuma. Moja ni dini. Uingereza ilipolazimisha helmeti mwaka 1973, Masingasinga walikwama kwa sababu ya kilemba. Mwaka 1976 Bunge likawasamehe kwa sheria maalumu. Nchi haikuanguka. Ya pili ni nani anayekamatwa. Jiji la Seattle, Marekani, na wilaya yake ya King County waliifuta sheria ya helmeti za baiskeli Februari 2022 baada ya kuonekana kwamba walioadhibiwa kupita kiasi walikuwa watu weusi na wasio na makazi. Ulizia kijiweni kama faini inamwangukia kila mtu sawasawa. Tanzania ilipopunguza faini za barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021, baadhi walisema sheria imelegezwa. Tunaona tofauti. Faini inayozidi mapato ya siku nzima hailipwi. Hujadiliwa pembeni, na anayeijadili anaondoka kichwa wazi vilevile.

Abiria naye ana malalamiko yake, na ni ya haki. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, inamtaka abiria avae helmeti kama dereva. Lakini abiria anapewa kofia iliyovaliwa na watu ishirini tangu alfajiri, yenye jasho na harufu, akiogopa mapunye na chawa, na juu ya kichwa chake kuna misuko ya saa tano. Kumwita mjinga hakusaidii. Kofia laini ya wavu ya kutupa, kama ile ya wapishi, au kitambaa chake mwenyewe chini ya helmeti, huondoa karibu kero yote hiyo. SafeBoda ya Kampala, kampuni ya kuita bodaboda kwa simu, ilianza kuwapa madereva wake helmeti ya pili na kofia za wavu, na abiria walivaa. Bitana inayofunguka na kufuliwa kila wiki nayo si anasa.

Kwa anayenunua leo: zungusha futi ya fundi cherehani kichwani, sentimita mbili na nusu juu ya nyusi. Sentimita 57 hadi 58 kwa kawaida ni saizi M, 59 hadi 60 ni L. Ivae, tikisa kichwa. Ngozi ya shavu isogee pamoja nayo. Funga mkanda wa kidevuni, viingie vidole viwili, si zaidi. Kisha mwambie mwenzako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikichomoka mkononi mwake, itachomoka pia hewani kabla kichwa hakijafika chini. Usiipake rangi wala kuisafisha kwa petroli au thina, povu huyeyuka.

Mtoto ndiye anayebaki nje ya hoja zote za hiari. Hajachagua kupanda mshikaki kati ya baba na tangi la mafuta, na helmeti ya mtu mzima humzunguka kichwani mpaka inamziba macho. Kwake yeye hakuna uhuru unaovunjwa kwa kumlazimisha baba, na ndipo kizuizi cha kwanza cha askari kilipaswa kuangalia.