Xbox 360 ya kule Kadutu: iuzwe ao ibakie?

Mukubwa mumoja mwenye sale ya michezo ya video kule Kadutu, mu muji wetu wa Bukavu, jina sitaji juu hajanipatia ruhusa, alituuliza juma yenye ilipita kitu yenye ilileta kelele mpaka usiku. Ako na Xbox 360 ya zamani, konsole ya kuchezea ku televizyo, ndani kuna Minecraft, ule muchezo wa kuchimba na kujenga na bloki, na kuna mutu anataka kuinunua, akiongeza makuta kidogo atapata PS4 ya okazi, konsole ya kampuni ingine. Auze ao abakie nayo? Vijana bote bakasema auza, Vye (muzee), hiyo kitu ilishakufa, ata benye muchezo benyewe balishaiacha. Batoto badogo benye balikuwa ku banki (kiti kirefu) mbele ya televizyo bakanyamaza fyu, sawa vile batu banasikia habari ya kilio. Mimi nilikuwa katikati, na nikirudi nyumbani nikaona niko bado katikati, njo naandika.

Kwanza tuelewane ni kitu gani ilikufa, juu batu banachanganya. Minecraft haikukufa hata kidogo, mu 2023 Mojang, kampuni yenye muchezo, balitangaza kama imeshauzishwa kopi zaidi ya milioni 300. Yenye ilikufa ni ile ya makonsole ya zamani, yenye ilitengenezwa na 4J Studios, kampuni ya Scotland, ikatoka ku Xbox 360 tarehe 9 mwezi wa 5 2012, PS3 mwisho wa 2013, kiisha Vita, Wii U, ata PS4 na Xbox One zilikuwa nayo kuanzia 2014. Mwaka huo huo Microsoft ikanunua Mojang dola miliari 2,5. Mwezi wa 9 2017 bakaleta muchezo mumoja wa kuunganisha simu, Windows na Xbox One, Switch ikaingia 2018, PS4 ikaingia mwezi wa 12 2019. Zile za zamani zikapata mambo ya bahari, samaki, kobe, meli zenye zilizama, na mwisho wa 2018 bakasema basi, tunafunga.

Bale banasema auze habakosee, tuseme ukweli. Xbox 360 iko na memori ya mega 512, hivi simu ya giga 4 yenye mutoto wa dada yangu anaangushaka kila siku inaishinda mara nane. Mu hiyo memori ndogo 4J baliingiza dunia nzima na batu bane ku ekra moja, mimi naona ni ufundi mukubwa, lakini kuna fasi yenye mutu hawezi tena kusukuma. Tena Mojang balikuwa na muchezo mumoja wenye unaandikwa mara tatu: ile ya kompyuta ya Java, ile ya simu, na hii ya konsole. Kila munyama mupya inabidi atengenezwe mara tatu, na hii ya konsole ilikuwa kila mara inafika nyuma sawa fula (taxi) ya jioni. Ukiwa mu viatu vyao unaamua nini? Mimi ningefunga pia.

Na hasara yake inaonekana pale pale ku banki. Batoto banaona ku TikTok yule Warden, jitu ya giza ya chini yenye ilikuja 2022, banaingia mu 360 banachimba, banachimba, siku mbili banachimba, mpaka banafika ku lile jiwe la mwisho lenye halibomokaka, hakuna Warden. Mumoja akaniambia, "Kaka, amejificha juu anajua tunakuja." Nikakosa nguvu ya kumuelezea kama munyama wake alizaliwa miaka mingi nyuma ya hii konsole kuachwa.

Bon, sasa upande ingine, na hapa nitachelewa kidogo juu njo fasi yenye iko na nyama.

Dunia ya Minecraft mu Xbox 360 iko na mupaka. Ni bloki 864 kwa 864, basi. Bloki moja ni kama metre moja, kwa hiyo yote haifike ata kilometre moja ya mraba, mutu anatembea polepole kutoka upande moja mpaka upande ingine dakika tatu na nusu hivi. Ukifika ku mwisho unaona maji mbele yako mpaka kule mbali, lakini hupite, kuna ukuta yenye haionekane. Na ukianza tu muchezo banakupatia karte mu mukono, dunia yako yote iko mule, na namba za fasi yenye uko.

Batu ba inje baliona hiyo ni kasoro, na mu muchezo mupya dunia unatembea mpaka unachoka, mwisho huuone. Lakini njo nikaangalia batoto ba Kadutu ginsi banacheza. Bane ku ekra moja, kila mumoja na kapande kake, na bloki 864 tu. Juma ya kwanza kila mutu anajenga fasi anataka. Juma ya pili miti imeisha karibu, mumoja ameweka nyumba karibu na mugodi, mungine anasema ule mugodi ni yake juu yeye njo aliona chuma ya kwanza. Juma ya tatu banachora mipaka! Nimeona na macho yangu kijana wa miaka kama kumi na moja anashika karte, anasoma namba kwa sauti, mwenzake anaandika mu kaye ya shule: kutoka hapa mpaka hapa ni ya fulani, njia ya kupita inabakia ya bote. Siye batu ba Bukavu na mambo ya parsele tunajuana, muji wetu unapanda ku milima nyumba juu ya nyumba, kila familia iko na hadithi ya borne (jiwe la mupaka) yenye ilihama usiku. Bale batoto habakufundishwa, balikuwa banarudilia tu yenye banasikiaka nyumbani, lakini mu muchezo balifika ku makubaliano, kitu yenye bazazi babo hawafikake kila mara.

Mu dunia yenye haina mwisho hiyo haitokee. Ukigombana na mwenzako unatembea bloki elfu mbili, unajenga kule, muko muchezo mumoja lakini kila mutu peke yake. Siseme ni mubaya, kuna batoto benye banapenda hivyo. Ila nasema ile memori ndogo ilileta kitu yenye hakuna mutu aliipanga, na bakati balitosha mupaka kikaenda pamoja nayo.

Kuna pia ile michezo midogo, Battle, Tumble na Glide, yenye ilikuja ku konsole 2016 na 2017. Unaingia, dakika chache imeisha, muna cheka, munaanza tena. Ku ile mupya hiyo haikuhamishwa. Kwa sale yenye batu banalipa kwa dakika hiyo ni franga, tena franga muzuri.

Nikitaja franga, vijana benye banasema auze bananiambia Minecraft hailete kitu, fubo (muchezo wa mupira) njo inaleta. Na ni kweli. Match moja ya fubo dakika sita hivi, batu babili, 500, inayofuata. Mutoto wa Minecraft anakaa saa nzima anapanda ngano. Mukubwa alinionyesha kaye yake, siku ya fubo na siku ya Minecraft hazifanane hata kidogo. Ila nikamuuliza, bale batoto mama zabo banabaachaka kuja kwa saa ngapi? Akacheka, juu bakienda ku fubo kule kuna matusi na kubetisha, njo mama analeta mutoto kwake juu ya ile ekra ya kujenga. Hiyo haiandikwake mu kaye.

(Tena musisahau shida tulipata kuiweka. Mwanzoni ilikuwa na kable ya AV, nyekundu, nyeupe na njano, ku televizyo ya mugongo, na hakuna mutu alijua juu ya nini hatupate kucheza bane. Kumbe ile 360 inakataa kugawa ekra kama picha haiko HD. Mpaka mutu akaleta televizyo ya flati na kable ya HDMI. Miezi tatu tulifikiri manete (zile za kushika mu mikono) njo zimekufa.)

Sasa fasi yenye hata bale vijana balinyamaza. Tuseme auze, anunue PS4. Batoto babo, dunia yabo yenye bamejenga vakansi mbili, na mipaka yake yote, inaenda wapi? Haiende ku PS4. Njia yenye iliwekwa ni ya familia moja: ya Xbox 360 inapanda ku Xbox One, ya PS3 inapanda ku PS4, kiisha kutoka pale inabadilishwa kuingia mu muchezo mupya. Na kupanda kwenyewe kunaomba akaunti, koneksiyo ya kweli, na konsole ingine ya familia ile ile. Kwa mutu wa Ulaya ni kazi ya jioni moja. Kwa mutu mwenye ananunua mega za siku, na kuran ya umeme inakatika wakati inataka, ni safari. Na tangu tarehe 29 mwezi wa 7 2024 duka la Xbox 360 limefungwa, mwenye hakununua muchezo ku duka abakie na ya diski, kama ataipata.

Kwa hiyo mimi nagawa hii afaire mara mbili. Kuacha kuongeza vitu vipya ku 360 na PS3, sina neno, mashini ilikuwa imechoka na kazi ya mara tatu haina maana. Lakini dunia ni kazi ya mutoto, haiko kazi ya kampuni, na balipaswa kuacha njia ya kuitoa bila kupitia intaneti, bila kununua konsole ingine, faili moja tu yenye inafunguka popote. Ilikuwa inawezekana, juu ku ile ya Java kuna batu banabeba dunia zabo mu flashi tangu zamani.

Kuhusu Mukubwa, mimi nilimuambia asiuze kwanza. 360 inakubali kupeleka seve (dunia yenye imehifadhiwa) ku flashi USB, aiweke mule pamoja na profile yake ya kuchezea, kiisha kama akiuza leo na kesho apate 360 ingine ya okazi, batoto bataikuta dunia yabo. Akasema flashi anayo, iko na nyimbo za kwaya ya mama yake. Kununua ingine akaona ni makuta ya bure. Jumamosi nilipita, konsole iko bado fasi yake, ile flashi imechomekwa mbele, nyimbo zimehamia ku simu, na bale batoto bane bako banabishana juu ya daraja: nani alitoa mbao.