Wahadhiri Wakisoma Pamoja, Walete na Karatasi za Wanafunzi

Mwalimu wa shule ya msingi hupitia chuo cha ualimu, na wa sekondari hutakiwa awe amesomea kazi hiyo, lakini anayefundisha chuo kikuu huajiriwa kwa sababu alifaulu vizuri somo lake. Hukabidhiwa kozi yenye wanafunzi mia tatu, na kuanzia siku hiyo hufundisha jinsi alivyofundishwa yeye. Wakati wa kupanda cheo ukifika huulizwa amechapisha makala ngapi, na ni nadra mtu kumuuliza wanafunzi wake wameelewa nini. Kwa hiyo naunga mkono vikundi vya wahadhiri vya kusoma kuhusu ufundishaji na ujifunzaji, ingawa kwa sharti moja ambalo mimi na wenzangu tulichelewa sana kulitambua.

Tulianza watu sita kutoka idara tofauti, tukikutana Alhamisi moja kila wiki mbili, saa tisa alasiri. Tulimchagua kwanza Paulo Freire, Mbrazili ambaye kitabu chake maarufu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970, na ambaye alifananisha ufundishaji wa kumimina na kuweka fedha benki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anapokea na kutunza. Mwenzetu aliyekuwa na zamu ya kuongoza alikuja na slaidi arobaini na mbili, akazisoma moja baada ya nyingine kwa muda wa saa nzima, nasi tukanakili. Hakuna aliyeona ajabu mpaka tulipokuwa tukitoka mlangoni. Muhula mzima ulikwenda hivyo. Tulikubaliana na kila mwandishi, kisha tukarudi madarasani kuendelea na yale yale.

Kilichotuzindua ni habari za Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, ambaye alikuwa akifundisha kwa miaka kadhaa akijiona mwalimu hodari, kwa kuwa wanafunzi wake walifaulu mitihani na kumsifu. Mnamo 1990 alisoma makala za Ibrahim Halloun na David Hestenes, zilizochapishwa 1985, zilizoonyesha kwamba wanafunzi wengi humaliza kozi ya fizikia wakiwa bado na dhana zile zile walizoingia nazo kuhusu nguvu na mwendo. Hakuamini kwamba hali hiyo ingeweza kuwa ya wanafunzi wake, akawapa jaribio lile lile lililotumiwa katika makala hizo. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kwa namna alivyofundishwa au kwa namna anavyofikiri mwenyewe. Matokeo yalimfadhaisha, na ndipo alipoanza kupunguza mihadhara na kuwaachia wanafunzi wajadiliane maswali wao kwa wao darasani. Kusoma peke yake kusingempeleka mbali. Tofauti ilitokana na kuichukua makala ile hadi kwenye chumba chake mwenyewe, akiwa tayari kuaibika.

Nami nikajaribu. Ninafundisha takwimu, na wanafunzi wangu hukokotoa wastani wakiwa wamefumba macho. Niliwauliza swali lisilohitaji kikokotoo: ikiwa wastani wa mishahara ya watu kumi ni shilingi 500,000, je, ni lazima watano tu kati yao wawe wanapata chini ya kiasi hicho? Wengi waliandika kwamba ni lazima, wakiwemo waliokuwa na alama A. Hawakuona kwamba tisa wanaweza kulipwa 300,000 kila mmoja, na wa kumi, bosi wao, akachukua 2,300,000. Nilizipeleka karatasi zile kwenye kikundi bila majina, na siku hiyo kwa mara ya kwanza hatukumaliza kwa wakati.

Mabishano yalihusu lugha. Swali nililiuliza kwa Kiingereza, kama sheria za chuo zinavyotaka, na baadhi ya wenzangu walishikilia kwamba wanafunzi walikosea maneno, si hesabu. Nililirudia kwa Kiswahili na kundi lingine. Baadhi walieleza vizuri, kwa mifano ya mishahara ya kiwandani ambayo nisingeifikiria, lakini wengine walikosea kwa ufasaha zaidi. Mpaka leo tumegawanyika juu ya jambo hilo, na kwa maoni yangu mgawanyiko huo una manufaa kuliko makubaliano yetu ya muhula wa kwanza. (Nisisahau kusema kwamba sisi wenyewe tunasoma makala kwa Kiingereza na kuzijadili kwa Kiswahili, jambo ambalo hatuwaruhusu wanafunzi.)

Karatasi zikiwa mezani, hata suala la heshima linakuwa jepesi. Katika vyuo vyetu si rahisi mhadhiri msaidizi kumwambia profesa aliyemfundisha kwamba mtihani wake una kasoro. Siku moja binti mmoja alileta majibu ya swali la mzee, akasema taratibu, “Mwalimu, uniwie radhi, hapa naona wamejibu kitu kingine kwa sababu swali lina njia mbili.” Mzee alisema amelitoa swali hilo tangu binti hajafika chuoni, akanyamaza, kisha akamwomba alisome tena kwa sauti. Lawama ilibebwa na karatasi, si na mtu.

Habari zilipofika kwa wakubwa, tulitakiwa kuwa na karatasi ya mahudhurio, taarifa ya kila robo mwaka na cheti cha ushiriki, na kukawa na mazungumzo ya posho. Tulifika watu thelathini, wengi wakija kusaini. Posho ilipokwama tulibaki wanne. Siwalaumu waliokuja kwa ajili yake, maana mishahara inajulikana, ila anayehudhuria ili aorodheshwe hawezi kuonyesha karatasi zinazomfedhehesha. Mlimani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa umoja wa wanamapinduzi wa Kiafrika wa chuoni hapo walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili, wakisoma na kubishana bila alama wala cheti. Mwaka 1970 serikali iliupiga marufuku umoja wao pamoja na gazeti lao, Cheche. Sisi hatuna siasa za kutishia mtu, ila nami naipendelea siku isiyo kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Sasa tumerudi watu saba. Makala isizidi kurasa kumi, ikiwezekana itoke nje ya taaluma ya anayeongoza, na slaidi haziruhusiwi. Kila mmoja huja na jibu moja la mwanafunzi alilolisahihisha wiki hiyo na asilielewe limetoka wapi. Tunaanza na hayo majibu, na mara nyingi makala yenyewe tunaifikia ikiwa imebaki robo saa.