Tafadhali Ingiza Diski ya Tatu

Nimeiingiza. Nataka tuelewane na hii kompyuta mbele ya mashahidi: diski ya tatu nimeiingiza, imo ndani, inazunguka, inanguruma mpaka kikombe cha chai kinatembea mezani chenyewe, na bado kidirisha kimesimama katikati ya skrini kikinisihi, "Tafadhali ingiza diski ya tatu." Naitoa. Naifuta kwa shati. Nairudisha. "Tafadhali ingiza diski ya tatu." Hiyo tafadhali ndiyo inayoniuma. Heri ingenitukana, ningejua nimetukanwa. Lakini kuombwa kwa adabu kitu ambacho umekwisha kutoa, tena usiku wa manane, tena mita ya stima imeanza kulia pii pii pale mlangoni kwa sababu tokeni zinaisha, jameni, mtu hutamani kutoka nje apige nduru.

Mtaniuliza, siku hizi ni nani bado anachoma DVD? Muulizeni Mwenyekiti wa chama chetu. Mwenyekiti alistaafu kazi ya serikali, na huko alikostaafu kitu kisichoshikika mkononi si kitu. Nilipendekeza kikaoni kwamba rekodi zetu tuziweke mawinguni kama watu wengine. Akatazama dari, akanitazama mimi. "Katibu, na mvua ikinyesha?" Wanachama wakacheka hadi wengine wakashika mbavu, nami nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba hoja ilipokelewa kwa furaha. Flashi nayo aliikataa, ati kitu kidogo hivyo kitapotea mfukoni pamoja na sarafu. Na kweli ile flashi yenyewe ilikuwa na maringo. Video ya mkutano mkuu iliitema, ikasema faili ni kubwa mno, na huku ina nafasi tele inayopigwa na upepo. (Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haimezi faili moja inayofika gigabaiti 4, hata uibembeleze vipi.) Basi likapitishwa azimio, likaungwa mkono na mama mmoja wa viti vya nyuma aliyekuwa anataka tu kwenda nyumbani kupika: picha, video na kumbukumbu zote za chama ziwekwe kwenye DVD, Katibu ashughulike.

Katibu ni mimi. Nina mhuri.

Nikaenda kununua diski. Kwenye boksi wameandika gigabaiti 4.7, tena kwa herufi nene. Fika nayo nyumbani, iingize, kompyuta inakwambia ni 4.38. Zile nyingine zimeenda wapi? Watengenezaji wa diski wanahesabu giga kuwa baiti bilioni moja kamili, kompyuta hii inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, na kati ya hesabu hizo mbili mwananchi anapunjwa mchana kweupe. Ni ile gorogoro ya sokoni iliyogongwa kitako kikaingia ndani: jina ni gorogoro, mahindi ni kiasi cha mwenyewe. Lakini yule wa sokoni angalau unaweza kumwambia "niongeze kidogo, mama," akakutupia ngumi moja ya juu. Nani atanitupia ngumi moja ya megabaiti?

Kisha diski zenyewe ziko za kutoa na za kujumlisha, DVD-R na DVD+R, na ukimuuliza muuzaji tofauti yake anakwambia za kujumlisha ni bei nyingine.

Kisha majina. Mimi faili zangu nazipa majina kamili, majina ya heshima, mtu akisoma anajua kuna nini: "Kumbukumbu za Mkutano wa Dharura Kuhusu Viti Vilivyokodishwa na Havikurudishwa." Kumbe programu ya kuchomea ilikuwa imetegwa kwenye ule utaratibu wa kupanga faili kwenye diski, ISO 9660 wa mwaka 1988, ngazi ya chini kabisa, ambao jina halizidi herufi nane, halafu nukta, halafu herufi tatu. Nikafungua diski ya kwanza nikakuta orodha nzima inasema KUMBUKU1, KUMBUKU2, KUMBUKU3, mpaka chini. Mwenyekiti mwenyewe amekuwa MWENYEK1. Nilibadilisha mpangilio kabla hajajiona.

Lakini hayo yote ni dibaji. Kilichonitoa nyumbani ni huo ugawaji. Programu hii ina tabia kwamba mzigo ukizidi diski moja, inaukata popote palipojaa. Haitazami imefika wapi. Hotuba ya Mwenyekiti inaanzia diski ya pili na kumalizikia ya tatu. Yaani amekatwa kiunoni, kichwa huku, miguu kule, na ukipoteza diski moja hata ile nusu uliyobaki nayo haisemi. Halafu orodha ya vitu vyote inaandikwa kwenye diski ya mwisho. Ukitaka picha moja tu ndogo, inakuomba kwanza diski ya mwisho ipate kusoma, halafu ya kwanza, halafu ile yenye picha. Ofisi nzima ndani ya kisanduku, imebaki kukwambia urudi kesho na fotokopi.

Basi nikabeba sipiyu, lile kasha zima la kompyuta, nikaenda Luthuli, kule mjini Nairobi kwa mafundi wa elektroniki. Ya matatu niyaache. Niseme tu kwamba kutoka Umoja hadi mjini niliipakata mapajani, na makanga alitaka sipiyu ilipe nauli yake.

Ghorofa ya pili, ndani ya eksibisheni, kuna kibanda chenye upana wa kabati. Humo wamo wanne, kila mtu na biashara yake: kijana wa kava za simu, mzee wa kutengeneza zipu, dada wa nywele za kubandika, na nyuma kabisa, nyuma ya kioo, fundi wangu akila chapati na madondo.

"Karibu mzee."

Hilo la mzee nitalishughulikia siku nyingine.

"Inachoma diski mbili vizuri," nikamwambia, "ya tatu haitaki."

"Umeizima ukaiwasha?"

Nikavuta pumzi. "Kijana, nimeizima. Nimeiwasha. Nimeichomoa ukutani nikaiacha ipoe. Nimeiombea."

"Hebu tuizime tuiwashe."

Tukaizima tukaiwasha. Wakati inaamka, dada wa nywele aliuza mara mbili na mzee wa zipu akamaliza begi zima la shule. Fundi akaomba kuona diski. Akaichukua kwa kile kidole cha madondo, akaiinua kwenye taa, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akasonya. "Hizi ulinunua wapi?"

"Mjini."

"Mjini wapi?"

"Njiani."

Mzee wa zipu akaomba naye aione. Akaitazama kwa jicho moja, akasonya vilevile. Ikafika kwa dada wa nywele, akajitazama humo ndani, akarekebisha nyusi, akairudisha bila neno. Kijana wa kava akauliza kama nauza.

"Na nani huyu ameandika juu kwa biki?"

"Mweka hazina. Huwa anaandika kwa nguvu."

"Ingekuwa CD ungelia, mzee. CD ile sehemu inayobeba kazi iko hapa juu, chini ya rangi tu, biki inaitoboa. DVD imelala katikati ya plastiki mbili, ndiyo bahati yenu. Na hiki kibandiko cha karatasi?"

"Hicho kina mhuri."

"Mhuri wa nini?"

"Wa chama."

"Kwenye DVD?"

Nikajiweka sawa. Nikamweleza, taratibu, mbele ya wateja, kwamba nyaraka ya chama isiyo na mhuri ni takataka, na kwamba mhuri huu umepita kwenye barua zilizofika kwa chifu. Akaniangalia. Akasema karatasi iliyobandikwa upande mmoja inaifanya diski iyumbe ikizunguka kwa kasi, ndiyo kikombe changu kinatembea. Nikamwambia basi atafute namna ya kuchoma ambayo mhuri hautikisiki. Mzee wa zipu akakohoa.

Kuanzia hapo fundi akachukua usukani. Akauliza nachoma kwa kasi gani. Nikasema 16, ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi, nimelipia. Akashusha hadi 4: "Robo saa kwa diski, lakini inashika." Akachokora lenzi kwa kijiti cha masikio. Akapuliza. Akabadilisha waya. Akaingiza diski ya tatu, na kile kidirisha kikatokea, na tafadhali yake.

"Enhe," akasema, akaacha kutafuna. Akafungua mahali pengine kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyetuambia tutazame. Draivu C. Nyekundu. Imebaki gigabaiti mbili na vijisenti.

Sasa sikilizeni haya. Programu hii, kabla ya kuchoma diski, inajenga kwanza nakala yake nzima kwenye hadi diski, ile diski kuu iliyo ndani ya kompyuta, ndipo inaihamishia kwenye DVD. Na haifuti ya kwanza mpaka kazi yote iishe. Ya kwanza ikapata nafasi, ya pili ikajibana, ya tatu ikakuta nyumba imejaa. Tatizo ni nafasi! Siku zote hizo tatizo ni nafasi! Mbona basi isiseme? Mbona usiandike pale, kwa herufi zilezile, "Bwana, sina nafasi"? Unaniomba diski ninayo, natoa, unaniomba tena, nafuta kwa shati, nanunua nyingine, nawakosesha watoto usingizi, kumbe unachotaka ni kitu kingine ambacho umeona aibu kukitaja! Hata keateka wetu, anayekuja asubuhi kuuliza watoto wameamkaje, ukimwangalia usoni unajua ni kodi. Mashine haina uso. Nitajuaje?

"Na ni nini kimejaa humu?" fundi akauliza, na kabla sijamzuia akafungua folda. Ilikuwa ni akiba ya simu ya Mama Brayo. Salamu za asubuhi. Mawaridi yanayofunguka, mawaridi yenye umande, vikombe vya chai vinavyotoa moshi, njiwa, yote kutoka kwa wakwe zangu, yamejipanga kutoka juu mpaka chini, na akaibonyeza moja ikapiga kinanda kibanda kizima kikageuka. "Uwe na Jumanne njema," ikasema sauti. Ilikuwa Alhamisi.

"Futa," nikasema.

"Zote mzee?"

Nikakumbuka ninaishi na nani. "Hapana. Acha."

Akaelekeza ile sehemu ya kujengea nakala kwenye draivu D, ambayo imekaa tupu tangu nimeinunua. Akachoma. Ikaenda. Asilimia kumi, thelathini, hamsini. Dada wa nywele akavuta stuli. Tisini. Nikaanza kutoa pochi kwa moyo mkunjufu kabisa. Tisini na sita, na stima ikapotea.

Luthuli yote ikanyamaza kidogo, halafu ikaanza kulaani kwa pamoja, redio moja ya betri ikabaki inaimba peke yake. DVD-R haichomwi mara mbili. Ikishakatika ni kioo cha kujitazamia tu.

"Sasa?" nikamuuliza fundi gizani.

"Sasa, mzee, ni elfu moja."

"Ya nini, na haijaisha?"

"Ya kuangalia."

"Hata dada ameangalia!"

Tulikubaliana mia sita, na chapati moja alinipa.

Nyumbani nimemalizia mwenyewe kwa kasi 4 bila kibandiko, mhuri nikaupiga juu ya bahasha, na kila diski nikaiacha ijikague baada ya kuchomwa, jambo linalochukua muda mwingine tena, lakini ni heri kuliko kugundua ubovu mbele ya mkutano mkuu. Jumamosi nikampelekea Mwenyekiti. Hakuzifungua. Alizipima uzito mkononi, akatikisa kichwa kuonyesha zimemridhisha, akazitia kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba, akafunga kufuli. "Kazi nzuri, Katibu. Na nakala ya Mweka Hazina iko wapi?"

Sitaki kulizungumzia hilo.

Zilizoharibika Mama Brayo amezitundika kwa uzi kwenye roshani, kufukuza ndege wanaokula sukuma zake za kwenye gunia. Na zinafanya kazi, sikatai, ndege wamehamia kwa jirani. Lakini jua la saa tatu likizipiga, mwanga unavuka barabara moja kwa moja hadi ghorofa ya nne ya jengo la pili, kwa jamaa mmoja anayefanya kazi usiku. Leo ametuma keateka wao kwa keateka wetu, na keateka wetu amekuja kwangu, ameniuliza watoto wameamkaje, nikamwambia kodi nitalipa tarehe tano. Akasema hapana, ni kuhusu kumulika watu. Nikamwambia aniandikie barua. Akasema hana karatasi. Nikampa karatasi. Akasema na kalamu pia hana, na kwa hakika, akiwa hapo hapo, kodi nayo vipi?