Cheti cha nahodha hakimtoi mtu majini

Walinzi wa Pwani wa Marekani hutoa kila mwaka takwimu za ajali za vyombo vya starehe, na katika kurasa zote hizo kuna mstari mmoja unaonukuliwa kuliko mingine. Mwaka 2023 walikufa watu 564. Pale ilipojulikana kama mwendeshaji alisoma au hakusoma, asilimia 75 ya vifo vilitokea kwenye vyombo ambavyo mwendeshaji wake hakuwa na mafunzo yoyote ya usalama. Kwa wanaotaka kila mwenye boti alazimishwe na sheria kuwa na cheti, mjadala huishia hapo.

Wanaowapinga wana jibu, na si jibu la kupuuza. Kati ya watu wote wanaotoka na boti siku ya Jumamosi, wangapi hawana mafunzo? Kama nao ni robo tatu, basi hiyo asilimia 75 ndiyo tungeitarajia hata kama mafunzo hayasaidii chochote. Kama ni nusu tu, mafunzo yanaokoa watu wengi sana. Kuhesabu waliokufa bila kuhesabu waliotoka na kurudi salama ni kufanya nusu ya hesabu.

Kwa boti za matanga, hesabu hiyo ilikamilishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukiangalia Marekani kati ya 2000 na 2011. Vifo vilikuwa 271. Watu milioni moja wakitoka na tanga kwa siku moja, hufa mmoja na kidogo: 1.19. Hatari ni ndogo. Kinachotisha ni namna walivyokufa. Zaidi ya saba kati ya kumi walizama, na katika waliozama, wanane kati ya kumi hawakuwa wamevaa jaketi okozi.

Hapo ndipo hoja ya cheti inapoanza kuyumba, kwa sababu hakuna mtu anayepanda boti bila kujua kwamba jaketi okozi huelea. Hata mtoto anajua. Basi marehemu hawa walikosa nini?

Wanaotetea mafunzo hujibu kwamba walikosa kujua sababu, na hapa wana nguvu. Asiyesoma hudhani jaketi ni kitu cha kuvaa mambo yakiharibika. Katika maji ya chini ya nyuzi 15, ambayo ndiyo hali ya bahari za Ulaya kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, mwili ukiingia ghafla unahema bila kukuomba ruhusa. Pumzi ya kwanza ikivutwa kichwa kikiwa chini ya wimbi, ni maji yanayoingia. Wakufunzi huifundisha kwa namba tatu: dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika 10 ambazo vidole na mikono bado vinafanya kazi, saa 1 kabla baridi haijakupoteza fahamu. Aliyeelewa namba hizo haachi jaketi kabatini. Anajua kwamba kulivaa na kufunga vifungo ukiwa tayari majini, unatweta na vidole vinakufa ganzi, ni jambo ambalo wengi hawaliwezi.

Kuna na hesabu ya mwendo. Boti inayokwenda noti 6, yaani kilomita 11 kwa saa, inaacha mita 3 nyuma yake kila sekunde. Mtu akianguka na waliobaki wakichanganyikiwa kwa dakika moja tu, mwenzao yuko mita 185 nyuma, na katika mawimbi ya mita moja kichwa cha mtu ni kama nazi inayoelea: unaiona, haipo, unaiona, haipo tena. Ndiyo maana kazi ya kwanza anayopewa mtu mmoja ni kunyoosha mkono kumwelekea aliyeanguka na kutoondoa macho, hata kama kamba zote zinahitaji mikono.

Hata jaketi lenyewe linahitaji mtu anayelijua. Lile la kujijaza hewa, la nguvu ya newtoni 150, kwa kawaida hubeba mtungi wa gramu 33 za kabonidioksaidi. Mtungi huo hulegea taratibu kwa mitikisiko ya safari, na ukilegea, sindano inapiga lakini hewa haifiki ndani au inafika kidogo. Ukaze kwa mkono kila unapolivaa. Kila mwaka lijaze kwa mdomo, liache saa 24 uone kama limenywea, na upime mtungi kwenye mizani ulinganishe na uzito ulioandikwa juu yake. Mkanda wa kupita katikati ya mapaja nao si pambo. Bila huo jaketi hupanda hadi masikioni, mtu anateremka ndani yake, na mdomo unarudi kwenye maji.

Upande wa pili nao una ushahidi, tena mzito. Mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979, kati ya Uingereza na Ireland, yalikuwa na yoti 303 na mabaharia wengi wazoefu. Dhoruba iliua washindani 15. Yoti 24 ziliachwa na watu wake, lakini zilizozama ni 5 tu. Baadhi ya waliokufa walikuwa wamehamia kwenye chelezo cha uokozi huku chombo walichokikimbia kikiendelea kuelea. Mwaka 1998, katika mashindano ya Sydney kwenda Hobart, boti 115 ziliondoka na 44 zikafika. Walikufa 6, wakaokolewa 55. Hawa hawakuwa watu waliokodi mashua kwa mchana mmoja.

Mwaka 2014 yoti ya Cheeki Rafiki, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusimama, ilipoteza mkuku wake, ule uti mzito wa chini unaoiweka yoti wima, katikati ya Atlantiki ikirudi Uingereza kutoka Antigua, na wanaume wote wanne wakapotea. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza, MAIB, walieleza jinsi misukosuko ya kukwama chini miaka ya nyuma ilivyoweza kudhoofisha kiungo cha mkuku na tumbo la chombo pasipo kuonekana kwa macho. Chelezo chao kilikutwa bado kimefungwa mahali pake kwenye chombo kilichopinduka. Hapa kulikuwa na ujuzi wa kuendesha. Kilichohitajika kilikuwa ukaguzi wa chuma na gundi, ambao mtihani wa nahodha hauugusi sana.

Wapinzani wanaongeza hoja nyingine: Uingereza haidai cheti kwa mwenye boti ya starehe baharini, na ina utamaduni mkubwa wa watu kusoma kwa hiari, kwenye maji, siku tano mfululizo, na mkufunzi kando. Kanada inadai kadi kwa kila anayeendesha chombo cha starehe chenye injini, na kadi hiyo hupatikana kwa kujibu maswali ya kuchagua, hata kwa intaneti. Nani kati ya hao wawili amejifunza? Zaidi ya hayo, karatasi humpa mtu ujasiri. Aliyekuwa akizunguka ghubani anaanza kutoka nje ya miamba, usiku, kwa sababu sasa "amefuzu". Hoja hii hutiwa chumvi mara nyingi, lakini haina uongo.

Kwa maoni yetu pande zote mbili zinagombania kitu kisicho kiini. Maarifa ya usalama yana kina tofauti, na cheti hupima kina cha juu tu. Mfano bora ni kamba ya usalama, ile inayomfunga baharia kwenye chombo. Kila kozi husema: jifunge. Juni 2011, baharini kusini mwa Uingereza, nahodha wa yoti Lion alianguka kutoka omo, sehemu ya mbele ya chombo, akiwa amejifunga sawasawa. Kamba ilimshika kama ilivyotengenezwa kufanya, ikamburuta ubavuni mwa boti inayokwenda, na alipotolewa baada ya dakika 16 alikuwa amekwisha kuzama. Novemba 2017, katika bahari ya kusini, kulabu ya kamba ya baharia wa CV30, yoti ya mashindano ya kuzunguka dunia, ilinasa chini ya chuma cha kufungia kamba, ikavutwa kwa ubavu badala ya kwa urefu, ikapinda na kuachia.

Anayejua kwa kina hafundishi tu "jifunge". Anafundisha kutumia kamba fupi ya mita moja hivi unapofanya kazi, si ile ndefu ya karibu mita mbili. Anapitisha mkanda wa kunasia kulabu katikati ya sitaha, upande wa upepo, mahali ambapo ukiteleza hufiki ukingoni. Anakagua kila mahali kulabu inapoweza kunasa kwa ubavu. Na anasema wazi kwamba mtu akiburutwa, boti isimamishwe kwanza, ndipo avutwe.

Kuisimamisha boti ni jambo moja, kumtoa mtu majini ni jingine. Hapa ndipo mafunzo mengi yanapoishia mapema. Mtu wa kilo 80 aliyelowa, nguo zimejaa maji na nguvu zimemwisha, hainuliki na watu wawili kupita ukingo ulio mita moja juu ya maji. Inatakiwa henza, kamba ya kupandishia tanga, ifungwe kwenye mkanda wake wa kifuani na izungushwe kwenye winchi. Ama kapi za kupunguza uzito mara nne au sita, zikiwa zimeandaliwa kabla ya safari. Kama amekaa muda mrefu kwenye maji baridi, anyanyuliwe akiwa amelala, kamba moja kwapani na nyingine chini ya magoti, kwa kuwa kumsimamisha wima ghafla kunaweza kushusha shinikizo la damu na moyo ukasimama. Injini isiwashwe kabla ya kuhakikisha hakuna kamba inayoning'inia majini, na mtu akiwa karibu, gia iwe huru.

Sasa jiulize nani atafanya hayo yote. Boti nyingi za starehe hutoka na watu wawili: mwenye boti na mwenza wake, au mwenye boti na wageni. Mwenye cheti ni mmoja. Huyo huyo ndiye anayekwenda omo tanga likikwama, ndiye anayesimama karibu na bumu, mti unaolala chini ya tanga kubwa, linapovuka ghafla upepo ukija nyuma. Mwenye uwezekano mkubwa wa kuanguka ndiye pekee aliyefundishwa kumwokoa aliyeanguka. Sheria ya kumpa nahodha cheti haigusi pengo hilo hata kidogo. Waandaaji wa Sydney–Hobart waliliona: baada ya 1998 walidai angalau nusu ya mabaharia wa kila chombo wawe wamepita kozi ya kujiokoa, si nahodha peke yake.

Kuhusu sheria, hatukubaliani na wanaosema haifai popote. Jimbo la Victoria, Australia, lilifanya uvaaji wa jaketi kuwa lazima Desemba 2005, hasa kwenye boti ndogo. Uvaaji ulipanda kutoka takribani asilimia 22 hadi 63, na waliozama walipungua waziwazi. Ireland nayo hudai jaketi livaliwe kwenye chombo kisichofika mita 7. Sheria ya aina hii haimuulizi mtu anajua nini, inabadilisha alichovaa. Ina gharama: kwenye yoti ya mita 12, jua kali, upepo mwanana, watu wazima wanaona wanatendewa kama watoto, na sheria inayodharauliwa hufundisha kudharau. Kwa boti ndogo, faida inazidi mbali usumbufu. Kwa kubwa, tungeacha nahodha aamue, ila usiku na kila tanga linapopunguzwa kwa ajili ya upepo mkali, wote wavae.

Pwani yetu ina hesabu yake. Kwenye vilabu vya matanga vya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Kilifi maji ni ya uvuguvugu, na ile dakika ya kwanza haiui. Aliyekariri namba tatu za maji baridi akadhani kwa hiyo huku ni salama, amekosea. Kwenye mkondo wa Zanzibar, maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji yakitoka kwa nguvu kupitia mlango wa miamba wakati kusi inapuliza kutoka nje, mawimbi husimama wima na kuvunjika mahali ambapo saa tatu nyuma palikuwa shwari. Mgeni mwenye cheti alichokipata Mediterania, ambako sehemu nyingi maji hupanda kidogo tu, hajawahi kuulizwa swali hilo. Nahodha wa ngalawa hana karatasi yoyote na analijibu bila kufikiri, lakini mara nyingi jaketi hana, au limekaliwa kama mto. Na kwa kuwa huku boti ya uokozi haiko karibu kila mahali, aliyeanguka atatolewa na walio naye ama hatatolewa.

Jaribio linalofaa huchukua dakika kumi, kabla ya kutoka kwenye maji ya ndani. Funga boya la ubavuni kwenye ndoo, litupe majini bila kutangaza, kisha nahodha akae chini na asiseme neno. Asiyejua kitu kuliko wote ashike usukani: amteue mtu wa kuangalia na kunyoosha mkono, atupe pete ya kuokolea, ageuze omo kwenye upepo, alegeze demani, kamba ya kuongozea tanga, hadi tanga lipepee na boti isimame, aonyeshe, bila kukibonyeza, kitufe chekundu cha redio ambacho kwenye dharura ya kweli hubonyezwa kwa sekunde tano kabla ya kuita kwenye chaneli ya 16, kisha arudi na kuinasa ndoo kwa henza. Mara ya kwanza, wengi hushindwa pale pale kwenye kusimamisha boti. Rudieni hadi ndoo iwe sitahani, ndipo mtoke nje ya miamba.