Mdomo Utarudi, Jicho Ndilo la Kulindwa

Mtu anaamka, anasukutua mdomo, maji yanachuruzika upande mmoja na jicho la upande huo halifumbi. Hapa Kisumu maneno huanza kabla chai haijachemka: ni upepo wa ziwani, ni dirisha la matatu, ni mkono wa mtu. Wiki nzima inaishia kwenye kuchuliwa shavu kwa mafuta ya moto, na wiki hiyo ndiyo inayoniuma.

Mara nyingi hali hiyo ni kupooza kwa Bell, yaani upande mmoja wa uso kulegea ghafla, na dawa yake ina muda wake. Neva ya saba, mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba haina pa kutanukia, inabanwa humo humo. Prednisoloni hupunguza uvimbe, nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Kwa mtu mzima, dozi moja inayotumika sana ni miligramu 60 kwa siku 5, kisha hupunguzwa miligramu 10 kila siku kwa siku 5 nyingine. Usijinunulie kwenye kemisti: kwa mwenye kisukari, dawa hii hupandisha sukari. Tena lazima ihakikishwe kwamba si kiharusi. Kwa Bell, nyusi haiinuki na paji halikunjamani. Kwa kiharusi paji mara nyingi hukunjamana kama kawaida. Lakini mkono ukilegea au maneno yakikwama, usisimame kwenye kioo kujipima, kimbia hospitalini. Malengelenge sikioni pia mwonyeshe daktari, maana yanahitaji dawa nyingine juu ya hiyo.

Sasa jicho. Watu hulilia mdomo uliopinda, nao mara nyingi hunyooka wenyewe baada ya wiki au miezi. Jicho lililokauka likapata kidonda linaweza kuacha kovu la kudumu. Tia machozi bandia kila saa mchana. Ukipanda boda boda kwenye vumbi la Kondele, vaa miwani inayofunika pembeni. Usiku weka malhamu ya jicho, ushushe ukope wa juu taratibu kwa kidole hadi jicho lifumbe kabisa, ndipo ubandike tepu ya karatasi kutoka kwenye ukope hadi shavuni. Kosa kubwa ni kufunika kwa pamba jicho ambalo halijafumba: linafunguka chini yake na pamba inalikwaruza usiku kucha. Likiwa jekundu, likiuma au kuona ukungu, nenda siku hiyo hiyo.

Ugali hujificha kati ya shavu na fizi. Tafuna kwa upande usiopooza, kisha upitishe kidole na mswaki.

Mazoezi yawe ya upole, mbele ya kioo. Kukaza uso kwa nguvu hakuiharakishi neva, na mashine za umeme za kushtua misuli ziachwe. Miezi 3 ikipita bila hata nyusi kutikisika, rudi kwa daktari, atafute sababu nyingine.