Viatu vya Mzee

Kazi niliyopewa ilikuwa moja tu: kushika viatu.

Ilikuwa Ijumaa Kuu, niko Quito, Ekuador, nimepanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe. Mzee ana nadhiri yake. Kila mwaka anatembea pekupeku kwenye maandamano ya dini ya Jesús del Gran Poder, yaani Yesu wa Uwezo Mkuu, yale yaliyoanza mwaka 1961, yanayotoka kanisa la San Francisco saa sita mchana na kuzunguka mji wa kale. Akavua viatu vyake vya Jumapili, vya ngozi, vimepigwa kiwi mpaka unajiona sura, akanikabidhi. "Usikae mbali, mwanangu. Nikimaliza tu, nivae."

Sasa, kabla hatujatoka mama mwenye nyumba alikuwa ameshanimaliza kwa fanesca. Hiyo ni supu nzito ya Kwaresima. Mimi naiita makande yaliyokwenda shule. Nafaka na kunde aina 12, wanasema ndio mitume, ndani yake samaki wa chumvi, ndiye Yesu mwenyewe, halafu maboga, maziwa, na juu yai la kuchemsha na ndizi za kukaanga. Nyama hakuna, ni siku ya toba. Nilitubu bakuli tatu. Quito iko kama mita 2,850 juu ya bahari, na mimi ni mtoto wa Tanga. Kupanda mlima na mitume 36 tumboni si mchezo.

Mzee akavaa: kanzu ya zambarau mpaka vifundoni, kofia ndefu iliyochongoka, uso wote umefunikwa, matundu mawili tu ya macho. Wanaitwa cucuruchos. Nikageuka kidogo nipige picha ya kanisa. Kurudisha macho, wako mamia. Wote zambarau. Kila mmoja ni mzee wangu!

Nikakumbuka dole gumba. Wiki ile mtungi wa gesi ulikuwa umemwangukia mguuni, ukucha umekuwa mweusi ti. Basi nikaingia kwenye msururu nimeinamisha kichwa, nakagua miguu ya watu, viatu nimevikumbatia kifuani. Kulia kwangu mtu amebeba msalaba, kushoto mwingine anaburuta minyororo, mbele kuna anayejichapa kwa majani yanayowasha. Na anayehema kuliko wote ni mimi, mwenye viatu. Huwa kuna wanawake wanaovaa kama Veronika, yule aliyempangusa Yesu uso. Mmoja wao akaniona, akanihurumia, akanipangusa jasho. Bibi mmoja pembeni akamwonyesha mjukuu wake: tazama, mtu anavyojutia dhambi.

Nisingeweza kueleza kwamba natafuta ukucha.

Kilichoniangusha ni mawe ya barabara. Baada ya saa mbili, kila dole gumba Quito nzima lilikuwa jeusi.

Tuliporudi San Francisco nikamwona mmoja ameketi kwenye ngazi, kimo kile kile, kitambi kile kile. Nikamwahi, na kwa uchovu Kiswahili kikanitoka: "Mzee, viatu hivi hapa." Akavitazama. Akanitazama. Akavivaa taratibu, vikamkaa kama vyake. Kisha akavua kofia.

Kijana wa miaka thelathini hivi, ana masharubu, machozi yanamtiririka. "Dios le pague," akasema, Mungu akulipe. Watu waliotuzunguka nao wakaanza kulia. Sasa wewe niambie, mtu ametoka kubeba msalaba, amekubusu mkono mbele ya vikongwe kumi, utamwambia avue?

Mzee alifika nyumbani jioni, kalowa mvua, pekupeku. Nikaeleza kwa Kihispania changu cha kuungaunga. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakusema kitu. Alijipakulia fanesca, akala kimya.

Jumapili ya Pasaka alikwenda misani na raba zangu. Mimi navaa namba 44, yeye 40. Nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi, padre kaanza, nikamsikia anaingia: pwa, pwa, pwa, mpaka mstari wa mbele.