Shikilia Hapo Hapo, Mheshimiwa

Kamati ya wasanii ilitaka picha tatu tu: ya umati, ya ngoma, na ya mheshimiwa akipokea waraka. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa roho ya shughuli. Waraka wenyewe ulikuwa umesheheni Katiba ya Kenya ya 2010: Ibara ya 11 inayoitaka serikali ikuze sanaa, na Ibara ya 37 inayompa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Lakini karatasi hupotea, na aliyeipokea husahau. Picha ni shahidi.

Kamera niliazima kwa binamu yangu, na ndani yake kadi ya GB 32 yenye harusi aliyoipiga Kisauni siku mbili nyuma.

"Harusi usiiguse," aliniambia. "Bado sijaihamisha."

Shughuli ilikuwa Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus, chini ya turubai kubwa la buluu. Mheshimiwa akachelewa, kama ada. Nikaenda kumngojea ofisini, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, kamera nimeilaza pale pale kinapopulizia ili na yeye maskini apumzike. Zumari ilipolia nikatoka mbio, nikaelekeza lenzi, nikaona ukungu wa Taita.

Kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani, maji hutua juu yake kama yatuavyo kwenye chupa ya soda. Nikafuta kwa pindo la shati. Yakarudi, mara hii yamechanganyika na jasho langu. Hapo hakuna dawa ila kungoja robo saa au nusu saa, kioo kipate joto la nje. Mwenye akili huifungia kamera kwenye mkoba wa zipu kabla ya kutoka kwenye baridi, mvuke utue juu ya mkoba. (Mfuko wa plastiki ungefaa zaidi, lakini ile ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na mimi sikutaka kesi mbili kwa siku moja.) Picha ya umati ikatoka kama imepigwa kupitia mvuke wa sufuria ya pilau.

Ukungu ukaisha, tukaingia kwenye mavazi. Kushoto walikaa kina mama wa taarab, mabuibui meusi tititi. Kulia wazee wa ngoma, kanzu nyeupe pe. Kamera haina macho, ina kipimo tu, na kipimo hicho hutaka kila kitu kiwe kijivu. Nikielekeza kushoto, inaona giza, inaongeza mwanga: mabuibui yanapauka na nyuso zinang'aa kama zimepakwa unga. Nikielekeza kulia, inaona weupe mtupu, inapunguza: kanzu zinakuwa kama zimetoka gereji na wazee hawana nyuso. Buibui huitaka kamera ishushwe hatua moja, kanzu ipandishwe moja. Sasa wakikaa wote kwenye picha moja? Unaachana na otomatiki, unapima uso wa mtu mmoja, unafunga vipimo vya mwanga hapo hapo: ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 400, shata 1/250 ya sekunde, tundu la lenzi f/4. Nyuso zikapatikana.

Zikapatikana, lakini za buluu. Mwanga wote ulikuwa umepita kwenye lile turubai.

"Wewe mwanangu," bibi mmoja alisema, alipochungulia kioo cha nyuma, "mbona umenifanya maiti wa siku tatu?"

Nikamwomba mzee mmoja asimame wima, nikapiga kanzu yake ikajaa picha nzima, nikaiambia kamera: huu ndio weupe. Mzee hakufahamu kwa nini mgongo wake una thamani kuliko uso, ila rangi zikarudi.

Basi makabidhiano. Mwenyekiti kanyoosha bahasha, mheshimiwa kaishika, meno nje. Nikabonyeza. Kadi imejaa.

Binamu yangu hupiga RAW, yaani picha ghafi, na JPEG, yaani picha iliyobanwa, kwa pamoja. MB 25 na MB 8, kila mbonyezo MB 33. Kadi ya GB 32 hushika mibonyezo kama 900. Harusi ilikuwa imekula 600, na mimi nilimaliza 300 nikipigana na kanzu.

"Shikilia hapo hapo, Mheshimiwa!"

Akashikilia. Nikaingia kwenye menyu nifute picha zangu za ukungu. Futa iko juu, Fomati, inayosafisha kadi nzima, iko chini yake, na kidole kilikuwa kimelowa jasho. Kamera ikauliza kwa adabu kama nina hakika. Nikaijibu ndiyo, maana mheshimiwa tabasamu lilishaanza kumkauka. Skrini ikapepesa. Nafasi: 900.

"Bado?" akauliza.

"Tayari, Mheshimiwa." Nikapiga kumi na mbili.

Fomati ya kamera kwa kawaida haichomi nyumba. Hung'oa tu vibao vya milangoni. Picha zipo mpaka zipigwe nyingine juu yake. Kwa hiyo kadi nikaitoa papo hapo, na usiku nikawasha PhotoRec, programu ya bure ya kufufua picha, nikiokolea kwenye laptopu, kamwe si kwenye kadi ile ile. Harusi ikarudi, isipokuwa mwanzo wake, uliokaliwa na mheshimiwa mara kumi na mbili. Ila PhotoRec hairudishi majina. Faili zote zikaitwa f na nambari ndefu, harusi na wasanii kwenye folda zile zile. Dawa ni kuzipanga kwa tarehe ya kupigwa iliyofichwa ndani ya picha yenyewe. Hilo nililijua Jumanne.

Jumapili saa nane usiku katibu alichagua mwenyewe, miwani kaiacha kwao, akiangalia vipicha vya ukubwa wa stempu. Akaona kanzu, mikono miwili imeshikana, meza ina karatasi. "Hii hapa," akasema, akaiambatisha kwenye nakala ya waraka, akatuma.

Jumatatu simu ikaja. Sauti ya upole ikatushukuru kwa waraka, kisha ikauliza: yule mheshimiwa aliyevaa joho na kilemba, aliyeshikana mkono na sheikh, ni wa wadi gani?

Nilikuwa bado natafuta jibu, binamu naye akapiga. Albamu alikwisha kuwapelekea wenye harusi, na mamake bibi harusi alitaka kujua yule bwana wa suti ni nani, na katika bahasha ile alitoa kiasi gani.